Mvua ikianza, nani anabaki porini?

Ikifika mwezi wa sita hapa Kigoma huwa najua fildi, yaani msimu wa watafiti kuingia porini, imeanza hata kabla sijaambiwa na mtu. Landkruza zinaanza kupita mjini zimejaa vumbi jekundu, juu zimefungwa matenti na madumu ya maji, na vijana wanaojua misitu ya kule Uvinza wanaanza kupigiwa simu, mtu anakuuliza uko wapi ndugu yangu, una nafasi ya miezi mitatu, buti unazo? Alafu ikifika mwezi wa kumi na moja mawingu yanakaa juu ya milima ya upande wa Kongo, mvua mbili tatu zinapiga, barabara za ndani zinakuwa utelezi mtupu, na zile gari zinarudi zilikotoka. Kinachobaki porini ni wanyama, na watu wachache sana wa kuwaangalia.

Sisemi watafiti ni wavivu, nimefanya nao kazi, nimebeba mizigo yao na nimekula ugali wao, najua wanavyohangaika. Ninachosema ni kwamba wanyama wa mikoa yetu hii, Kigoma na Tabora, tunawajua zaidi wa kiangazi kuliko wa masika, na sababu yake ni barabara na bajeti, sio wanyama wenyewe. Na huku kwetu sio kama Tanga ambako wana vuli na masika, sisi mvua yetu ni moja ndefu, na nikisema masika namaanisha hiyo yote, inaanza Novemba inakwenda mpaka katikati ya Mei, kati hapo inapumzika kidogo tu kisha inaendelea. Kwa hiyo mtu akifanya kazi kiangazi peke yake ameruka nusu ya mwaka, na nusu yenyewe ndo ile ambayo msitu unakuwa hai kuliko wakati mwingine wote.

Chukua Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Kila mtu anajua Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alikuja Gombe, watoto wa shule wanaijua hiyo, lakini watu wachache wanaangalia tarehe. Alishuka kwenye ufukwe wa Gombe Julai 14, 1960, kiangazi katikati. Miezi ya kwanza ilikuwa ya kukata tamaa, sokwe wakimwona kwa mbali wanakimbia, yeye anabaki juu ya kilima na darubini yake. Na pesa aliyotafutiwa ilikuwa ya miezi sita tu. Sasa angalia mambo makubwa yalitokea lini: mwisho wa Oktoba akaona sokwe wanakula nyama, wakati dunia ilikuwa inaamini wanakula matunda na majani, na tarehe 4 Novemba akamwona dume mmoja aliyempa jina David Greybeard amekaa kwenye kichuguu anachokonoa mchwa kwa kijiti. Hiyo ya kijiti ndo iliyobadilisha sayansi, maana mpaka siku hiyo wasomi walikuwa wanasema kiumbe kinachotengeneza zana ni binadamu peke yake.

Novemba. Sisi tuliokulia huku hiyo tarehe haitushangazi hata kidogo. Kichuguu cha mchwa wakubwa kiangazi kimekauka kama saruji, ukikipiga jembe linaruka. Mvua zinapokaribia, ndani kule mchwa wanaandaa safari ya kumbikumbi, wanachimba njia mpaka karibu kabisa na uso wa kichuguu na kuziziba kwa udongo mwembamba, wakisubiri siku yenyewe. Hapo ndipo sokwe anapata nafasi. Anapita na kidole anakuna pale palipozibwa, tundu linafunguka, anavunja kijiti au anachuma ubua wa jani, anauchambua mpaka unakuwa laini, anauingiza taratibu, mchwa askari wanauma kile kijiti kwa hasira na hawaachii, anauchomoa, anaupitisha mdomoni. Nimewahi kuona kwa macho yangu mama sokwe akifanya hivyo zaidi ya saa nzima na mwanae amekaa pembeni anamwangalia mkono, hatazami kitu kingine, na mtoto naye akaokota kijiti kilichotupwa akajaribu kukiingiza kwa ncha isiyofaa. Na sisi tukiwa wadogo msimu huohuo tulikuwa tunafunika kichuguu kwa majani ya migomba, tunachimba kishimo pembeni, usiku kumbikumbi wanajaa humo tunawazoa kwa sufuria. Sokwe na watoto wa Kigoma tunasoma kalenda moja.

Ndo maana nasema, kama ile pesa ya miezi sita ingekuwa ya miezi mitatu, yaani kama fildi nyingi za saivi zinavyopangwa, angeondoka Oktoba kabla kichuguu hakijafunguka. Uchunguzi ungekuwa umefanyika vizuri tu, daftari limejaa, ripoti imeandikwa, na lile jambo lenyewe lisingekuwemo.

Lakini mimi naona sehemu ya hadithi ya Gombe inayostahili kusemwa zaidi ni ya mwaka 1975. Mwezi wa tano mwaka ule watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa Zaire, Kongo ya leo, wakateka wanafunzi wanne pale Gombe, baadae waliachiwa, lakini watafiti wa kigeni wakaondoka. Kazi ingeweza kufa siku ile. Haikufa kwa sababu vijana wa vijiji vya jirani, akina Hilali Matama na wenzake, walikuwa wameshajifunza kufuata sokwe mmoja kutoka kiotani asubuhi mpaka kiotani jioni, wanaandika amekula nini, amekutana na nani, amelala wapi. Wakaendelea. Mvua na jua. Leo watu wakitaja utafiti wa Gombe kuwa miongoni mwa tafiti ndefu kuliko zote duniani za wanyama wa porini, wajue kwamba mlolongo ule haukukatika kwa sababu kulikuwa na Watanzania ambao masika ikianza hawakuwa na mahali pengine pa kwenda, nyumbani kwao ni hapohapo. Kule Mahale pia, msitu mwingine wa sokwe kusini ya hapa kando ya ziwa, Profesa Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alipoanza mwaka 1965, Watongwe, wenyeji wa pale, ndio waliompitisha njia na kumwambia mti huu unaitwaje na unazaa lini, na hifadhi yenyewe ikatangazwa miaka 20 baadae, 1985.

Sasa tutoke kwenye misitu ya kando ya ziwa twende kule kukavu, Ugalla, kwenye miombo, ile misitu ya wazi inayopukutisha majani kiangazi, ambako sokwe wanaishi eneo kubwa mno, jua kali, matunda yametawanyika mbali. Wasomi wa asili ya binadamu wanapapenda pale kwa sababu panafanana na mazingira ambayo wanadhani mababu zetu wa zamani kabisa waliishi. Na walikuwa na wazo moja zuri sana kwenye karatasi: kwamba viazi na mizizi ya porini ni chakula cha njaa, kitu ambacho mnyama anakichimba kiangazi pale matunda yameisha. Mwaka 2007 ikatoka taarifa kutoka Ugalla kwamba sokwe wa huko wanachimba mizizi kwa kutumia vijiti. Watafiti hawakuwaona kwa macho, sokwe wale walikuwa hawajazoea watu, walichokuta ni mashimo, vijiti vyenye udongo kwenye ncha, na mizizi iliyotafunwa ikatemwa makapi. Na uchimbaji wenyewe ulikuwa wa masika. Wakati wa chakula kingi, sio wakati wa njaa, kinyume kabisa na walivyotarajia.

Mkulima yeyote wa muhogo hapa angewaambia bila kusoma popote kwamba udongo wa Septemba hauchimbiki, jembe lenyewe linalia, sembuse kijiti. Mimi ndo ninavyoielewa ile habari, labda wenye elimu zaidi wataongeza mengine, lakini kinachonigusa ni kwamba kuna wazo kuhusu chakula cha binadamu wa kale, la kimataifa kabisa, ambalo lilipata doa kwa sababu tu kuna mtu alikuwa porini Ugalla mvua ikinyesha.

Turudi kwenye hesabu, maana hapa ndipo pesa na maamuzi ya uhifadhi yanapokaa. Sokwe ni mgumu kumhesabu. Anakusikia kabla hujamwona, anaondoka. Kwa hiyo wataalamu wanahesabu viota. Kila sokwe mkubwa anajitengenezea kiota kipya karibu kila jioni, anakunja matawi, anayalaza, analala, kesho anakiacha. Unapita kwenye mstari ulionyooka msituni, unahesabu viota unavyoviona kushoto na kulia, unapima umbali wa kila kimoja kutoka kwenye mstari, na baadae unafanya hesabu kupata idadi ya sokwe. Lakini ili hesabu itoke lazima ujue kiota kinadumu siku ngapi kabla hakijasambaratika. Nitoe mfano wangu wa namba za kubuni ili tuelewane. Tuseme eneo fulani nimekadiria kuna viota 300. Kama kiota kinadumu siku 100, basi wanaovijenga ni sokwe watatu. Kama kinadumu siku 60, ni sokwe watano. Viota ni vilevile, msitu ni uleule, ila jibu linaruka kutoka watatu mpaka watano kwa sababu ya namba moja tu uliyoweka chini ya mstari wa kugawia.

Na mvua inavunja kiota haraka kuliko jua. Alafu ongeza hili: kwenye miombo kiangazi majani yanapukutika, ukiinua kichwa unaona kiota kama kikapu kimetundikwa angani, ila masika mti umefunga kijani tii unaweza kupita chini ya viota vitatu usione hata kimoja. Kwa hiyo mtu anayepima kiangazi anaona viota vingi vya zamani na vipya kwa pamoja, na akitumia muda wa kudumu uliopimwa masika, au uliopimwa nchi nyingine kabisa, anapata idadi ambayo haipo. Kwa wataalamu hili sio geni, wanalijua vizuri, wanaojali wanarudi kwenye viota vilevile kila wiki mbili mwaka mzima kuviangalia vinavyokufa. Ila hiyo kazi ya kurudi kila wiki mbili inahitaji mtu wa kubaki. Mtu huyo hawezi kuwa profesa wa mbali mwenye vipindi vya kufundisha, lazima awe kijana wa Uvinza au Kaliua mwenye buti, GPS na mshahara wa miezi 12.

Na hapa ujue kwamba sokwe wengi wa Tanzania hawako ndani ya Gombe wala Mahale, wako nje ya hifadhi za taifa, kwenye misitu ya vijiji na ya halmashauri na mapori ya katikati. Gombe yenyewe ni ndogo sana, na sokwe wake ni wachache. Kwa hiyo tunapoongelea kuokoa sokwe wa nchi hii tunaongelea hasa huko nje, kwenye mashamba yanayosogea na njia za ng'ombe, huko ambako masika ndo msimu wa kufyeka na kulima. Mtu anafungua shamba jipya bondeni Novemba na Desemba. Timu inayokuja Juni inakuta mahindi yameshavunwa, inapiga picha, inaandika "eneo limeharibiwa". Ukweli huo haumsaidii mtu wakati huo. Ndo maana naona ile kazi ya walinzi wa misitu ya vijiji karibu na Gombe, iliyoanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall, wale wanakijiji wanaotembea na simu janja wakirekodi mitego, miti iliyokatwa na dalili za sokwe, ina maana kubwa kuliko inavyopewa sifa. Mlinzi wa kijiji anaona shoka siku ya kwanza.

Kwa wanyama wa maeneo ya wazi mambo ni tofauti kidogo na nitapita haraka. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, inatumia ndege ndogo inayoruka chini kwenye mistari, mtu kushoto na mtu kulia wanahesabu wanachokiona kati ya fimbo mbili zilizofungwa kwenye bawa, na kuruka kiangazi kuna mantiki, nyasi zimeungua, tembo na nyati wamekusanyika kwenye maji, macho yanaona. Ukiruka kila mara msimu uleule unaweza kulinganisha mwaka na mwaka, na hiyo ni haki kabisa, ndivyo nchi ilivyogundua mwaka 2014 kwamba tembo wameshuka mpaka kama 43,000 kutoka 109,000 hivi mwaka 2009. Bila ile ndege tungebaki kubishana. Ila ramani inayotoka pale ni ramani ya wanyama wakiwa na kiu. Mto Ugalla kiangazi unakatika unabaki mabwawa, viboko na mamba wamebanana humo, kila kitu kinafuata mto. Mvua zikija wanatawanyika kwenye miombo yote, huko ndiko wanakozalia na huko ndiko wanakokutana na shamba la mtu. Ukichora mpaka wa hifadhi au ushoroba kwa kutazama kiangazi tu umelinda bwawa ukasahau malisho. Na Malagarasi nayo, ile ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ambayo mwaka 2000 iliandikwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania, kilometa za mraba 32,500, masika ni bahari ya mafunjo, na humo ndimo anamoishi korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, anayeweza kusimama bila kutikisika mpaka ukadhani ni kisiki. Msimu wa maji mengi huwezi kumfuata kwa gari, na mtumbwi wa mvuvi ndo unaofika.

Niseme na langu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa msaidizi kwenye mradi mmoja, siutaji. Tulifunga kamera za mtego kwenye mapito ya wanyama, zile zinazopiga picha zenyewe kitu kikipita mbele. Mkataba wangu uliisha Oktoba, wakasema kamera zibaki zitachukuliwa mwakani. Nikawaambia hapa palipofungwa hizi mbili ni mkondo wa maji, masika panajaa, wakasema ramani inaonyesha pakavu. Mwaka uliofuata tulizikuta zimelala kwenye tope, moja imeingia maji haifunguki, ya pili kadi yake ilipona. Picha zake za mwisho zilikuwa za Desemba, na siku zote nitazikumbuka: swala, swala, nguruwe pori, alafu usiku mmoja chui jike na watoto wawili wanapita kwenye maji yanayofika magotini mwake, mtoto mmoja amesimama ameinua mguu mmoja hataki kulowa. Kiangazi chote, miezi minne ya kamera hizo, hatukuwa tumepata chui hata mmoja. Siku tatu baada ya picha ile lenzi ikafunikwa na maji ya kahawia na hamna kitu tena.

Sasa ziwani, maana mtu wa Kigoma huwezi kuongelea viumbe bila kuongelea dagaa.

Mjomba wangu ana kipe pale Katonga. Kipe kwa wasiokijua ni mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, katikati unashushwa wavu, taa zinawashwa, zamani karabai siku hizi taa za betri, dagaa wanapanda kufuata mwanga, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi, mwanga umetawanyika ziwa zima dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa hiyo mvuvi tayari ana misimu miwili ndani ya mwezi mmoja, giza na mbalamwezi, alafu juu yake kuna msimu wa upepo.

Na upepo ndo wenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, lakini hewa ya oksijeni iko kwenye mita kama 100 mpaka 200 za juu tu, chini ya hapo ni maji meusi yasiyo na samaki. Na mbolea, yaani rutuba inayolisha vijimea vidogo vinavyoliwa na wadudu wa maji wanaoliwa na dagaa wanaoliwa na migebuka, imezama huko chini. Kinachoipandisha ni upepo wa kusini mashariki, unaoanza kama mwezi wa tano mpaka wa tisa. Unasukuma maji ya moto ya juu kuelekea kaskazini, upande wa Zambia kule maji baridi yenye rutuba yanapanda, na upepo ukitulia maji yote yanayumba kama uji kwenye beseni lililotikiswa, taratibu, kwa wiki na wiki, na kila yanapoyumba kidogo cha chini kinafika juu. Mjomba hajasoma hayo popote ila anakuambia, kiangazi kikiwa na upepo wa maana, baada yake dagaa wapo, kikiwa kimya jiandae.

Mwaka 2003 wanasayansi walitoa matokeo kwamba maji ya ziwa yamepata joto, matabaka yameshikana zaidi, kuchanganyika kumepungua, wakakadiria uzalishaji wa ziwa umeshuka kama asilimia 20 na hiyo inaweza kuwa na maana ya samaki kupungua kama asilimia 30. Mwaka 2016 wengine wakachimba tope la chini ya ziwa, wakasoma mabaki ya samaki tabaka kwa tabaka, wakaona kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza. Haya yangesemwa wazi kwenye kila mwalo, maana mvuvi amezoea kuambiwa kwamba wewe ndo umemaliza samaki. Nyavu zenye matundu madogo zina kosa lake, kokoro, ule wavu wa kukokota, lina kosa lake kubwa, hilo silikatai na walio wengi pale Kibirizi hawalikatai. Ila joto la dunia halikutoka Kibirizi.

Ndo nikaja kwenye kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, kwa makubaliano na nchi jirani, ili samaki wazaliane na wakue. Mimi niko upande wa kufunga. Nalisema hili nikijua kuna ndugu zangu watakasirika, na nilikuwa nyumbani kipindi kile, nimeona mama anayekausha dagaa kwenye mchanga amekaa hana kazi, nimeona bei ya kilo ilivyopanda, nimeona kijana wa kipe amegeuka bodaboda bila leseni. Hata hivyo dagaa anaishi muda mfupi, kama mwaka mmoja hivi, anazaa haraka, ukimpa nafasi kidogo anarudi, ni samaki anayelipa uvumilivu. Lakini kufunga ziwa ni jaribio la kisayansi, tena kubwa, na jaribio lina masharti yake. Lazima ujue kulikuwa na nini kabla na kuna nini baada, mwezi kwa mwezi, mwalo kwa mwalo, giza kwa giza. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilometa 670. Rutuba inapanda kwanza kusini, kaskazini inafika kwa namna nyingine na wakati mwingine. Je, tarehe moja inafaa ziwa zima? Inawezekana ni sawa, inawezekana Kigoma ingefaa isogezwe wiki kadhaa. Hilo swali linajibiwa kwa data ya mwaka mzima, na mvuvi akionyeshwa hiyo data kwa Kiswahili, kwenye mwalo, kabla ya tarehe ya kufunga, atabishana nayo na kuielewa. Akipelekewa tangazo tu atatafuta njia ya usiku.

Tabora wana somo la hili kwenye nyuki. Shemeji yangu yuko Kaliua, anafuga nyuki kwenye miombo, na kalenda yake haina tarehe, ina maua. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla hata tone halijadondoka, miombo inatoa majani mapya mekundu kama shaba, msitu mzima unakuwa kama unawaka wakati ardhi bado imekauka kabisa, na miti ya mitundu inachanua. Moto ukipita msimu huo ni msiba, unakula ua, unakula mzinga, unaua miche. Moto huohuo ukiwashwa kwa mpangilio mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, unaunguza vipande vipande na kuacha vingine, na vile vilivyoungua vinakuja kuzuia moto mkali wa Septemba. Kiberiti ni kimoja, kinachotofautisha kulinda na kuharibu ni mwezi. Shemeji anaungana na wenzake kusafisha na kuchoma mapema kuzunguka mizinga, na akiongea anasema "nyuki hana likizo, ukimwachia msitu mwezi wa kumi umemuaga". Pori lake linapata ulinzi kwa sababu yeye yumo humo miezi yote, kuliko gari la doria linalopita mara moja moja.

Kwa hiyo ninachotaka mimi kiko wazi. Mradi wa utafiti ukija mikoa hii uonyeshe kwenye bajeti yake nani anabaki Novemba mpaka Mei na analipwa kiasi gani, na kama hamna mtu huyo basi aliyeupa ruhusa aulize kwa nini. Majina ya wanaobaki yaandikwe kwenye kazi inayotoka, sio kwenye mstari wa shukrani kule chini "tunawashukuru wasaidizi wetu" bila hata jina. Na matokeo yarudi huku kabla ya msimu unaohusika, hesabu ya viota irudi kijijini kabla ya watu hawajafyeka mabonde, ya dagaa irudi mwaloni kabla ya Mei. Watu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo chao hapahapa Kigoma, sio mbali na mialo, kwa hiyo umbali sio kisingizio.

Juzi nilipita kwa mjomba jioni, ilikuwa mbalamwezi kwa hiyo yuko nyumbani, amekaa kibarazani na redio. Akanitolea daftari la shule, la kurasa 96, jalada limeloa mafuta ya taa. Humo kila usiku wa kazi ana mstari: giza la ngapi, upepo umetoka wapi, ndoo ngapi, na kama migebuka ilikuwepo anaweka alama ya msalaba. Masika yapo, kiangazi kipo, hakuna mwezi ulioruka isipokuwa ile mitatu ya kufungwa, na hata hiyo aliandika upepo. Nikamuuliza mjomba hili nani alikwambia uandike, akasema hamna aliyemwambia, aliona vijana wa takwimu wanakuja mwaloni na karatasi zao, wanakuja wiki hii alafu wiki tatu hawaonekani, akaona akiandika yeye watakuja kuchukua.

Akafungua ukurasa wa mwisho, akahesabu kwa kidole.

"Ila wakija waje mapema mjomba," akasema, "zimebaki kurasa nne."